Mzigo Umefika? Mazungumzo Juu ya Kupeleka Mafaili Mbali kwa Skripti



Mwenyekiti aliponiandikia kuniomba nizungumze leo, alinisihi nisihutubie juu ya maadili, kwa kuwa mzungumzaji aliyenitangulia alikwisha kufanya hivyo kwa saa nzima na nusu. Akasema, "Wewe waeleze vijana kazi yako tu." Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa ni kutunga programu za kompyuta, na hasa programu fupi fupi ambazo kazi yake ni moja: kuchukua faili lililo hapa na kulipeleka kwenye seva iliyo mbali. Ni kazi isiyo na fahari. Hakuna mtu aliyewahi kunisimamisha njiani kunipongeza kwa faili lililofika. Walionisimamisha ni wale ambao faili lao halikufika, na habari yao ndiyo nitakayowaeleza.

Nimefurahi kusikia kwamba vijana wa Kidato cha Tatu na cha Tano wameanza kupiga picha kurasa za magazeti ya zamani ya shule, na kwamba picha hizo zitakuwa zikipelekwa kila usiku kwenye seva huko Dar es Salaam. Mwalimu wao amenionyesha skripti waliyoitunga. Nimeisoma jana jioni. Ni nzuri kuliko ile niliyoitunga mimi nikiwa na umri mkubwa kuliko wao, lakini ina kosa lile lile nililolifanya mimi, katika mstari ule ule. Ndiyo maana nimebadilisha mazungumzo niliyokuwa nimeyaandaa.

Kwanza niwaambie wazee wenzangu skripti ni nini, maana tulipokuwa hapa hatukujua. Mimi nilimaliza Kidato cha Nne mwaka 1984. Wakati huo hapakuwa na kijana shuleni aliyekuwa amegusa kompyuta, wala haikuwa rahisi aiguse: Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini tangu mwaka 1974, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka miaka ya 1990. Tulichokijua sisi ni posta na treni. Skripti, basi, ni orodha ya maagizo unayomwandikia karani asiyechoka: fungua mlango fulani, taja jina lako, toa neno la siri, chukua faili hili, lipeleke pale, funga mlango, andika kwenye daftari kwamba kazi imekwisha. Maagizo hayo huandikwa katika lugha nyepesi kama Python, iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, au Perl, au PHP. Husomwa na kutekelezwa mstari kwa mstari. Kupeleka faili moja huchukua mistari kumi hivi. Na kwa kuwa ni mistari kumi tu, kila mtu hudhani ni kazi ya kitoto.

Kazi hiyo huitwa kupakia, na upande wa pili kupakua. Sikuwahi kuyafikiria maneno hayo mpaka siku moja nilipokuwa nimesimama chini ya mwembe njia ya Kwihara. Ni maneno ya mizigo. Mji huu ulikuwa mji wa mizigo kabla haujawa mji wa shule wala wa reli. Nitarudi huko.

Mwaka 2011 nilikuwa naifanyia kazi ofisi moja, sitaitaja jina, iliyokuwa ikikusanya hesabu za wakulima wa tumbaku. Kila jioni marobota yaliyopimwa katika vyama vya msingi yaliandikwa kwenye faili moja: jina la kijiji, namba ya mkulima, uzito, daraja la tumbaku, na kiasi anachodai. Usiku skripti yangu iliamka saa nane, ikaunganisha modemu ya simu, ikalipeleka faili kwenye seva ya ofisi nyingine iliyokuwa ikiandaa malipo. Alfajiri programu ya huko ililisoma faili na kuandaa hundi. Ni kweli kwamba mkonga wa baharini wa SEACOM ulikuwa umekwisha kufika Dar es Salaam mwaka 2009, lakini kutoka Dar es Salaam mpaka meza yangu hapa Tabora palikuwa na safari nyingine, na mvua ikinyesha modemu ile ilikuwa ikipumua kama mgonjwa wa pumu.

Usiku mmoja mtandao ulikatika katikati ya kazi. Faili lilikuwa na mistari elfu nne na ushee; iliyovuka ni kama nusu na robo. Sasa sikilizeni vizuri, vijana, maana hapa pana jambo la kiufundi ambalo vitabu vingi hulipita mbio. Tulikuwa tukitumia itifaki iitwayo FTP. Ni itifaki ya kizee: maelezo yake ya kwanza yaliandikwa Aprili 1971 na mwanafunzi aitwaye Abhay Bhushan, na maelezo yanayofuatwa mpaka leo ni ya mwaka 1985. FTP ina njia mbili. Moja ni ya mazungumzo, kwenye mlango namba 21, ambako pande mbili husalimiana na kupeana maagizo. Ya pili ni ya mzigo wenyewe. Na katika namna yake ya kawaida ya kusafirisha, mwisho wa faili hauna alama yoyote. Mpokeaji hujua kwamba faili limekwisha kwa sababu njia ya mzigo imefungwa, basi. Kama imefungwa kwa kuwa mzigo umekwisha, au kwa kuwa umeme umezimika Tabora, njia ile peke yake haisemi. Seva inaweza kubaki na nusu ya faili, yenye jina kamili, imekaa rafuni kwa utulivu kama vile ni faili zima.

Dawa ya jambo hilo iko katika njia ya mazungumzo. Kazi ikienda vizuri, seva hujibu kwa namba 226, maana yake mzigo umepokewa na njia imefungwa kwa amani. Njia ikivunjika hujibu 426. Jibu likiwa la kosa, au njia ya mazungumzo nayo ikikatika, Python yenyewe hupiga kelele, husimama na kukataa kuendelea. Lakini mimi nilikuwa nimechoshwa na kelele hizo. Miezi miwili nyuma ilikuwa ikinizindua usiku kwa makosa madogo madogo, nami nikaongeza mistari miwili inayosema: likitokea kosa lolote, lipite, endelea na mstari unaofuata. Na mstari uliofuata ulikuwa unaandika kwenye daftari neno moja kwa herufi kubwa: IMETUMWA.

Basi asubuhi ile daftari lilisoma IMETUMWA, na programu ya malipo ikachukua nusu faili ikaandaa hundi.

Vijiji vilikuwa vimepangwa kwa alfabeti. Ninyi mnaoijua nchi hii mmekwisha kuona balaa lenyewe. Majina mengi ya huku kwetu huanza na U. Mwanzo wa orodha ulipita salama. Ulyankulu, Urambo na Usoke walikuwa mkiani, wakaachwa nje. Kwa hiyo haikuonekana kama hitilafu ya mashine. Ilionekana kama watu wa upande mmoja wa mkoa wamenyimwa fedha zao na mtu, na maneno yakaanza kusemwa, maneno ya siasa na ya ukabila, ambayo sitayarudia hapa.

Walipokuja kuuliza nilifungua daftari nikawaonyesha: tazameni, imetumwa, saa nane na dakika kumi na moja. Nilisema kwa ukali. Nikaandika barua kwenda ile ofisi nyingine nikieleza kwamba sisi tumetimiza wajibu wetu, na kwamba uchunguzi ufanywe upande wao. Uchunguzi ukafanywa. Kijana aliyekuwa zamu usiku ule akapewa barua ya kujieleza. Angejieleza vipi? Yeye hakuona chochote. Faili lilikuwapo, jina lake sahihi, saa yake sahihi.

Siku ya sita akaja mzee mmoja kutoka upande wa Usoke, kwa baiskeli, na stakabadhi zake za marobota amezifunga kwa uzi ndani ya mfuko wa nailoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikampa kiti. Nikamweleza yale yale niliyowaeleza wengine. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwanangu, umesema umetuma. Nimekusikia. Alipokea nani?"

Nikamjibu kwamba mashine ndiyo iliyopokea.

"Ikakupa nini?"

Sikuwa na jibu. Yule mzee alikuwa na karatasi kwa kila robota alilolitoa mkononi mwake: nani alilipima, siku gani, uzito gani. Mimi mwenye kompyuta sikuwa na karatasi hata moja kutoka upande wa pili. Neno IMETUMWA nililiandika mwenyewe, kwa mkono wangu, kwenye daftari langu mwenyewe.

Alipoondoka niliifungua skripti. Nikafuta ile mistari miwili ya kupitisha makosa, nikaijaribu kwa faili jingine huku nikichomoa modemu katikati. Ikasimama palepale ikanieleza kilichotokea, kwa maneno ya wazi kabisa. Ilikuwa tayari kunieleza tangu usiku wa kwanza. Ni mimi niliyeiziba mdomo. Siku ya saba nikaandika barua ya pili, ya kuifuta ile ya kwanza, na nakala nikampelekea yule kijana. Wakulima walilipwa siku ya tisa. Baadaye nilisikia kwamba yule mzee alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wawili kwa bei ya kutupa ili mjukuu wake asirudishwe nyumbani kwa ajili ya ada. Mbuzi hawakurudi.

Sasa nirudi kwenye ule mwembe. Baada ya mkasa huo nilikuwa nikipenda kutembea jioni kuelekea Kwihara, kwenye lile tembe lililojengwa upya, alikokaa Livingstone. Shuleni tulifundishwa habari za Livingstone na Stanley kama habari za wasafiri mashujaa. Nilipozisoma tena ukubwani nikaona kwamba kwa sehemu kubwa ni habari za mizigo, na za watu wasiojua kama mizigo imefika.

Njia yenyewe mnaijua: Bagamoyo, Ugogo, Unyanyembe, yaani hapa, halafu Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70, kila mtu begani mwake: merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba. Waliporudi walibeba pembe za ndovu, na katika misafara mingi walitembezwa watu waliofungwa minyororo. Hatuwezi kuisifu njia hii tukanyamaza juu ya hao. Lakini kwa habari yangu ya leo nataka mtazame mambo mawili tu.

La kwanza. Livingstone alikuwa Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, akitegemea bidhaa alizopelekewa kutoka Unguja ziwekwe Ujiji. Oktoba 1871 alifika Ujiji akiwa mgonjwa, amechakaa, akitaraji kukuta akiba yake. Hakukuta kitu. Sherif, aliyekabidhiwa msafara ule, alikuwa ameuza vyote. Alijitetea kwamba aliagua akaona Mzungu amekwisha kufa. Angalieni: bidhaa zilitoka Unguja kweli, na zilifika Ujiji kweli. Kama Unguja palikuwa na daftari lingeandikwa IMETUMWA, tena bila uongo.

La pili ni mfuko wa barua. Mfuko huo wa Livingstone uliandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Msafara uliokabidhiwa mfuko huo pamoja na bidhaa nyingine ukakaa Bagamoyo miezi kadhaa, siku kadha wa kadha, kwa kuwa hakuna aliyewahimiza. Ulipofika Unyanyembe mwaka 1871 ukakwama tena, safari hii kwa sababu ya haki: vita vya Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya kwenda Ujiji. Stanley, alipofika hapa, ndiye aliyeuchukua mfuko, akazunguka kwa njia ya kusini kuikwepa vita, akaufikisha Ujiji mwishoni mwa mwaka huo. Umri wa barua hizo ulikuwa umetimia mwaka mmoja hivi.

Ninyi vijana mnaotunga skripti, mkasa wa mfuko huo mtakutana nao kabla ya mwezi kwisha. Moduli ya FTP iliyomo ndani ya Python, msipoiambia muda wa kusubiri, itasubiri bila kikomo. Mtandao ukinyamaza bila kukatika, skripti itakaa Bagamoyo. Usiku wa pili saa itaamsha skripti nyingine, nayo itakaa. Baada ya wiki mtakuta skripti saba zimejipanga, kila moja ikimngoja asiyekuja. Kwa hiyo mpeni kirangozi wenu muda: sekunde 30, sekunde 60, halafu avunje safari na kusema imevunjika. Ajaribu tena baada ya dakika moja, halafu dakika mbili, halafu nne, halafu nane. Msimwambie ajaribu kila sekunde, maana mtandao ulioelemewa hauponi kwa kugongewa mlango. Akishindwa mara tano, awatumie ujumbe mtu aamke. Na kabla ya kuanza aangalie kama mwenzake wa jana bado yuko njiani.

Nusu faili je? Hilo nalitatua hivi mpaka leo. Faili halipelekwi kwa jina lake. Hupelekwa kwa jina la muda, mathalani jina lake na mkia wa herufi chache wenye maana ya "bado". Programu ya upande wa pili imeagizwa isiguse kitu chenye mkia huo. Mzigo ukikamilika na kukaguliwa, ndipo skripti huagiza seva ibadilishe jina, na badiliko hilo hutokea mara moja, halina nusu. Laiti ningalijua jambo hili dogo mwaka 2011, faili lililokatika lingebaki na mkia wake, na alfajiri programu ya malipo isingekuta kitu. Wote wangechelewa siku moja, wa mwanzo wa alfabeti na wa mwisho wake, wala pasingekuwa na maneno ya ukabila.

Nimesema "kukaguliwa." Wengi hukagua ukubwa tu: hapa herufi laki sita, kule laki sita, basi. Ni afadhali kuliko kutokagua. Moduli ya Paramiko, mnayoitumia ninyi, hufanya ukaguzi huo yenyewe baada ya kupakia. Lakini ukubwa ni kama kuhesabu marobota bila kuyafungua. FTP inaweza kubeba kwa namna ya maandishi au kwa namna ya binari. Ukibeba picha kwa namna ya maandishi, seva inaweza kubadilisha alama za mwisho wa mistari ndani ya picha, na picha ikafika haifunguki. Nimeona picha za harusi zilizoharibiwa hivyo. Mwenye kuzipeleka alikuwa amekwisha kuzifuta kwake ili apate nafasi.

Kwa hiyo chukueni alama ya faili zima. Iko hesabu iitwayo SHA-256. Unaipa faili lolote, dogo au kubwa, nayo hukurudishia herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha nukta moja ndani ya faili, karibu zote huvurugika. Python inayo tayari, mistari mitatu inatosha. Pigeni hesabu hiyo hapa kabla ya safari, na seva ipige yake kule baada ya kupokea, ikisoma faili kutoka kwenye diski yake, halafu iandike matokeo kwenye faili dogo. Skripti yenu ilichukue faili hilo dogo, ilinganishe. Zikiwa sawa, andikeni IMEPOKEWA. Neno IMETUMWA mimi nimelifuta katika programu zangu zote. Wenzangu ofisini walinicheka, wakaniita Mzee Stakabadhi, na jina hilo limenifuata mpaka nimestaafu.

Wazee wenzangu watakumbuka barua za rejista. Unatia sahihi, mwenzako anatia sahihi, na ukilipia zaidi kikaratasi kinakurudia na sahihi yake. Faili dogo la alama ndicho kikaratasi kile. Sioni kwamba nimevumbua kitu.

Limebaki la Sherif, yaani nani hasa yuko upande wa pili. FTP ya zamani hupeleka neno la siri wazi, kama postikadi. Yeyote aliye njiani hulisoma. Mwaka 1995, kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki huko Ufini, mtu aliweka mtego katika mtandao wa chuo akakusanya maneno ya siri ya watu wengi. Mtafiti mmoja wa chuo hicho, Tatu Ylönen, aliudhika, akatunga itifaki ya SSH, ambayo hufunga mazungumzo yote kwa kufuli. Akaiombea mlango namba 22 kwa sababu ulikuwa wazi, katikati ya 21 wa FTP na 23 wa Telnet. SFTP, ambayo vijana wetu wanaitumia, hupita katika mlango huo, ingawa jina lake huwadanganya watu wakadhani ni FTP ile ile.

SSH hufanya jambo jingine: seva hujitambulisha kwa ufunguo wake, na skripti yako hukumbuka. Siku ufunguo ukibadilika hukataa, kwa kuwa huenda aliyeketi pale si yule uliyemjua. Sasa, katika skripti ya vijana wetu nimeuona mstari usemao AutoAddPolicy. Najua mmeunakili mahali, kila mtu huunakili. Maana yake kwa Kiswahili ni: ukimkuta mtu usiyemjua, mkubali, mkabidhi mzigo. Ufuteni. Mpigieni simu msimamizi wa seva, awasomee alama ya ufunguo wake kwa mdomo, muiandike ninyi wenyewe kwenye faili la wanaojulikana. Ni kazi ya dakika tano, na hufanywa mara moja.

Machi 1872 Stanley alipoagana na Livingstone hapa Kwihara, alikwenda pwani mwenyewe, akapanga watu zaidi ya hamsini, akawapeleka Unyanyembe. Livingstone aliwangoja katika tembe lile miezi mitano. Waliingia mwezi Agosti, na siku chache baadaye akaondoka nao kuelekea kusini, safari ambayo hakurudi akiwa hai. Mtu hukaa ukumbini pa nyumba ile akitazama njia ya mashariki, akafikiri juu ya miezi mitano ya kutojua. Seva yetu hutujibu kwa sekunde mbili, nasi hatuna subira ya kusoma jibu.

Kosa lile lile nililolitaja mwanzoni, vijana, liko mstari wa 19. Mmeandika kwamba likitokea kosa lolote, lipite. Najua kwa nini: skripti ilikuwa ikiwasumbua wakati wa majaribio. Hapo pana jambo kubwa zaidi ya hundi. Hundi zangu ziliandikwa upya. Baadhi ya magazeti mnayoyapiga picha yamebaki nakala moja tu, mchwa wamekwisha kula pembe zake, na ndani yake mna picha za watu ambao sisi hapa mbele tuliwazika. Mwalimu ameniambia kwamba picha zikisha kutumwa hufutwa kwenye kompyuta ya shule kwa sababu diski ni ndogo. Naomba zisifutwe mpaka lile faili dogo lenye herufi 64 limerudi, na mtu wa zamu, mtu mwenye jina, amelitazama.

Nimemwachia mwalimu nakala ya skripti yangu. Ina mistari 61, nayo imeandikwa maelezo kwa Kiswahili. Kesho asubuhi baada ya chai nitakuwa chumba cha kompyuta, tutaichomoa waya katikati ya safari mara nyingi kadiri mnavyotaka, tuone inasema nini. Anayetaka kuja na swali lake aje nalo.